"Jikaze" Si Dawa: Historia ya Mwili Unaokataa Kusahau

Wasee, leo naandika historia, lakini inaanzia sebuleni kwetu.

Kila mkesha wa Mwaka Mpya, fataki zikianza kulia mtaani, mathe huinuka. Hasemi kitu. Anaenda kuangalia kama mlango umefungwa, halafu anarudi na kutuhesabu mmoja mmoja, hata kama sote tumekaa mbele yake. Tulitoka Bonde la Ufa Januari 2008, zile siku ambazo zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka tu kipande cha leso yake nilichokuwa nimekishika. Yeye anakumbuka mengi, ila haongei. Ukimuuliza anakujibu neno moja: "Nilijikaza."

Sisi Wakenya hilo neno tunalipenda sana. Umefiwa? Jikaze. Umevamiwa usiku na wezi? Jikaze, shukuru Mungu uko hai. Na kusema ukweli, kujikaza kumewavusha wengi. Lakini miaka imepita, na mathe bado anaamka kufunga mlango ambao umeshafungwa. Kichwa chake kinajua ni fataki tu. Mwili wake ndio haujapata habari.

Nikataka kujua ni nani waliliona jambo hili mapema, na walilifanyia nini. Nikajikuta nimerudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, hadi Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mwaka wa 1915 daktari Mwingereza, Charles Myers, aliandika katika jarida la The Lancet kuhusu wanajeshi watatu waliopatwa na mambo ya ajabu baada ya makombora kulipuka karibu nao. Macho yalipungua nguvu, kumbukumbu ikapotea, hata kunusa na kuonja kukawa shida. Akatumia jina "shell shock", yaani mshtuko wa makombora. Mwanzoni watu walidhani mlipuko umetikisa ubongo wenyewe. Halafu wakaanza kuletwa wanaume ambao hawakuwa karibu na kombora lolote, na bado walikuwa wanatetemeka, wengine hawawezi kusema, wengine miguu imekataa kutembea na haina hata mkwaruzo. Kufikia mwisho wa vita, jeshi la Uingereza lilikuwa limehesabu wagonjwa kama 80,000 wa aina hii.

Sasa jeshi lingefanya nini? Jibu la kwanza la wengi lilikuwa lile lile letu: jikaze. Huko London, daktari Lewis Yealland aliwatibu askari waliokuwa bubu kwa kuwapitishia umeme kooni mpaka watoe sauti, na mwaka wa 1918 akaandika kitabu kuhusu kazi hiyo. Hao walikuwa na bahati kiasi. Jeshi la Uingereza liliwapiga risasi wanajeshi wake 306 kwa makosa kama kutoroka na uoga. Inaaminika kwamba baadhi yao walikuwa wagonjwa. Msamaha wa serikali ulikuja mwaka wa 2006, miaka karibu tisini baadaye. Waliosamehewa walikuwa mifupa tu.

Lakini kuna mahali palipojaribu njia nyingine, na hapo ndipo mimi nilikaa usiku mzima nikisoma. Ni hospitali ya Craiglockhart, karibu na Edinburgh huko Scotland, iliyopokea maafisa wa jeshi kuanzia 1916. Palikuwa na madaktari wawili ambao ukiwaweka pamoja unapata karibu somo lote.

Wa kwanza ni W. H. R. Rivers. Wagonjwa wake walikuwa wameshaambiwa na jamaa, na hata na madaktari, wasahau vita na wafikirie mambo mazuri. Rivers aliona kwamba kusukuma kumbukumbu chini mchana ndiko kunaifanya irudi usiku na meno. Akakaa nao, akawaacha waseme, akawasaidia kuyatazama yaliyotokea mpaka yawe kitu kinachobebeka. Mshairi Siegfried Sassoon alikuwa mmoja wa wagonjwa wake mwaka wa 1917.

Wa pili ni Arthur Brock. Huyu hakuanza na maneno, alianza na miguu na mikono. Wagonjwa wake waliamshwa asubuhi, waogelee, watembee, walime bustani, wafundishe watoto, waandike gazeti la hospitali. Alipenda hadithi ya kale ya Wagiriki kuhusu Antaeus, jitu ambalo nguvu zake zilitoka ardhini. Likiinuliwa juu, linaishiwa nguvu. Kwa Brock, mtu aliyepitia vita ameng'olewa ardhini, na dawa ni kurudishwa miguu yake ikanyage. Mshairi Wilfred Owen alitibiwa na Brock.

Nisiwapake rangi nzuri kupita kiasi. Lengo la hospitali ile lilikuwa kuwatengeneza watu ili warudi vitani. Owen alirudi, na akauawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja tu kabla vita kuisha. Lakini wazo lilikuwa limeshazaliwa: mmoja anasikiliza hadithi, mwingine anashughulikia mwili.

Sasa rudi Nairobi. Unajua jina Kariokor limetoka wapi? Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita hiyo hiyo, kama ilivyo Kariakoo ya Dar es Salaam. Waafrika walibebeshwa risasi na chakula cha jeshi la Waingereza porini, wengi wakichukuliwa kwa lazima, na makumi ya maelfu wakafa, hasa kwa magonjwa na njaa. Ile sanamu ya watu watatu pale Kenyatta Avenue, iliyowekwa 1928, inamwonyesha pia mpagazi. Unaipita ukiwa kwa matatu kila siku.

Swali langu ni hili: mpagazi aliyerudi kijijini akiwa anatetemeka, ni Rivers gani alimkalisha chini? Ni Brock gani alimwamsha akaogelee? Craiglockhart ilikuwa ya maafisa. Hata askari wengi wa kawaida wa Uingereza hawakupata huduma kama hiyo, sembuse mtu wa mzigo. Na miaka ya hamsini, watu wakiteswa na kufungiwa kambini wakati wa Mau Mau, daktari J. C. Carothers, aliyekuwa amesimamia hospitali ya Mathari, aliandikia serikali ya kikoloni ripoti ya 1954 kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Aliyepigania shamba lake ndiye akachunguzwa kama mwenye kasoro ya akili. Kwa hivyo nikisikia tunaambiana "jikaze", sioni ushujaa tu. Naona pia vizazi ambavyo havikupewa kitu kingine cha kushika.

Na mwili wenyewe, unafanya nini hasa? Mwaka ule ule wa 1915, mwanasayansi Mmarekani Walter Cannon alichapisha kitabu kuhusu mabadiliko ya mwili wakati wa hofu na hasira. Ukiona hatari, homoni ya adrenalini inamwagika, moyo unaenda mbio, damu inaelekea kwenye misuli, tumbo linasimamisha kazi. Mwili unajiandaa kupigana au kutoka mbio. Hatari ikipita, mfumo wa neva unatakiwa utulie. Kwa mtu mwenye kiwewe, hautulii vizuri. Abram Kardiner, aliyewatibu wanajeshi wa zamani huko New York, aliandika mwaka wa 1941 kwamba tatizo lao lilikuwa limekaa mwilini pia: walishtuka kwa kelele ndogo, walilala vibaya, waliishi kana kwamba hatari iko mlangoni bado.

Soma tena hilo la mwisho, halafu ufikirie mathe.

Baada ya vita vya Vietnam, madaktari wa akili Marekani waliliingiza tatizo hili rasmi kwenye mwongozo wao mwaka wa 1980, kwa jina PTSD. Tiba ya mazungumzo ikakua na kuthibitishwa, na mpaka leo ndiyo nguzo. Lakini kuna watu waliozungumza miaka na mwili ukakataa kushuka. Ndiyo maana mwaka wa 2014 Bessel van der Kolk na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 64 waliokuwa na PTSD sugu na walikuwa wameshapitia tiba. Nusu walifanya yoga ya polepole saa moja kwa wiki, kwa wiki kumi. Wengine walipewa masomo ya afya. Mwishoni, 16 kati ya 31 wa yoga hawakuwa tena na vigezo vya PTSD, dhidi ya 6 kati ya 29 wa kundi lile lingine. Ni utafiti mdogo, usiufanye injili. Ila ona walichofanya: hawakutupa mazungumzo, waliongeza mwili. Rivers na Brock, chumba kimoja.

Kitu kimoja ambacho sayansi imekielewa vizuri ni pumzi. Ukivuta hewa, moyo unaongeza kasi kidogo. Ukiitoa, unapunguza. Kazi hiyo inapitia neva ya vagus, inayotoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Kwa hivyo ukitoa pumzi polepole, ndefu kuliko ulivyoivuta, unautumia mwili ujumbe kwa lugha inayouelewa: hatari imepita. Tabibu mzuri huanza hapo, miguu sakafuni, pumzi, macho yatazame chumba, ndipo taratibu mfungue hadithi. Na isipokuwa sawa, mnasimama. Usijaribu kumfukulia mtu kiwewe chake peke yako kwa sababu umesoma post. Wengine wakifumba macho tu, hofu inapanda. Kuna watu waliosomea hii kazi.

Na usidhani hili ni jambo la wazungu na mikeka ya yoga. Waluo wana tero buru: mtu mzima akifa, watu wanatoka na ng'ombe, mikuki na nyimbo, wanakimbia na kukifukuza kifo. Waisukha na Waidakho wana isukuti, ngoma inayopigwa kwenye furaha na kwenye matanga pia. Sisemi hiyo ni hospitali. Nasema wazee walijua kwamba huzuni ikiingia mwilini, mwili upewe kazi, na usifanye kazi hiyo peke yake. Sisi wa mjini tumebaki na nusu mbaya: kukaa kimya bedsita, simu mkononi, tukijikaza.

Desemba iliyopita fataki zilianza kama kawaida. Mathe akainuka. Safari hii sikumwambia "mathe, ni fataki tu." Niliinuka nikaenda naye. Tukaangalia kitasa pamoja, tukasimama hapo, bega kwa bega, miguu peku kwenye simiti baridi. Nikatoa pumzi ndefu, kwa ajili yangu mwenyewe kwa kweli. Baada ya muda nikasikia naye ametoa yake.

Halafu akasema, "Ule mlango wa kule haukuwa na komeo."

Ndiyo sentensi ya kwanza niliyowahi kusikia kutoka kwake kuhusu usiku ule. Sikuuliza kitu. Nilibaki nimesimama, nikamwacha aseme ya pili akiwa tayari.