Kisu na Kumaliza Mapema: Kisa cha Nyanza

Ukitoka Homa Bay ukapita Rongo na Migori hadi Isebania, unavuka mpaka wa mila kabla hujafika ule wa Tanzania. Wajaluo hawakuwa na jando. Zamani kijana wao alitambulika kwa kung'olewa meno 6 ya chini. Wakuria, kule Kehancha, hutahiri. Majirani hawa wameuziana samaki na mahindi vizazi na vizazi, na wametaniana sana kuhusu govi. Ndani ya utani huo mlikuwa na dai lililowachoma vijana wengi kimyakimya, kwamba aliyetahiriwa hukawia kitandani na mwenye govi humwaga haraka.

Dai hilo lilikuja kupimwa Kisumu, ingawa waliopima walikuwa wakitafuta jambo jingine. Mwaka 2002 Robert Bailey wa Chuo Kikuu cha Illinois, Stephen Moses wa Manitoba na Jeckoniah Ndinya-Achola wa Nairobi walianza kuandikisha vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24, wote hawajatahiriwa na hawana virusi vya UKIMWI. Kura iliamua nani atahiriwe mara moja na nani asubiri miaka 2. Desemba 2006 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake: walioambukizwa walikuwa 22 upande wa waliotahiriwa na 47 upande wa waliosubiri. Katika mkoa wa Nyanza, ambao takriban mtu mzima mmoja kati ya 7 alikuwa na virusi, hakuna aliyeweza kuzifumbia macho takwimu hizo. Wazee wa Kijaluo walisita, mwanasiasa wao Raila Odinga akaunga mkono tohara waziwazi, na Novemba 2008 kampeni ya taifa ya tohara ikaanza. Mwishoni mwa 2009, katika siku 30 tu za kazi, zaidi ya wanaume 30,000 walitahiriwa Nyanza.

Katika shughuli zote hizo, wachache waliisikia ripoti nyingine ya mwaka 2008, iliyoongozwa na daktari wa mfumo wa mkojo John Krieger. Vijana walewale walikuwa wameulizwa pia mambo ya chumbani: je, unamaliza haraka mno, unashindwa kusimamisha, unaumia, hupati raha? Mwanzoni, kati ya waliopangiwa kutahiriwa, asilimia 23.6 walitaja angalau tatizo moja. Baada ya miaka 2 walibaki asilimia 6.2. Anayeishia hapo atasema kisu kimetibu. Lakini wale waliosubiri, ambao hawakuguswa na kisu, nao walishuka kutoka asilimia 25.9 hadi 5.8.

Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa. Kisu hakikuongeza tatizo wala hakikulipunguza. Walichopata wote ni miaka 2 ya kukomaa, na mhudumu aliyewauliza mara kwa mara, bila kucheka, jambo ambalo huenda hawakuwahi kuulizwa nyumbani. Kipi kati ya hivyo kilisaidia zaidi, ripoti haikupima. Lakini sioni aibu kusema naamini kuulizwa kuna nguvu yake.

Tiba yenyewe ilikuwapo muda mrefu. Mwaka 1956 daktari James Semans wa Marekani alieleza zoezi lisilohitaji dawa: mke amshike mumewe kwa mkono, mume aseme akihisi anakaribia, mkono usimame mpaka hamu itulie, kisha waanze tena. Wakirudia mara kadhaa, mwili hujifunza kuitambua dalili mapema. Zoezi hilo haliwezekani bila mke kushirikishwa, na hapo ndipo wanaume wengi hukwama. Ni rahisi kununua mukombero stendi na kuutafuna peke yako. Mzizi huo una harufu tamu, lakini hakuna uthibitisho kwamba unatibu kumaliza mapema. Ni hivyo hivyo kwa matangazo ya nguvu za kiume yanayobandikwa kwenye nguzo za stima.

Kuna pia krimu ya ganzi, inayopakwa kabla na kufutwa isimfikie mwenzako, na dawa za sonona kama paroxetine, ambayo mwaka 1994 Marcel Waldinger wa Uholanzi alionyesha kuwa huchelewesha. Hizo ni za kuandikiwa na daktari. Waldinger huyohuyo aliwapa wapenzi wa nchi 5 saa za kupimia muda wa tendo. Mwaka 2005 akatangaza kuwa muda wa katikati ulikuwa dakika 5.4. Kumaliza mapema kwa maisha yote wataalamu hukuita ugonjwa kunapotokea ndani ya takriban dakika moja, karibu kila mara, na mtu akashindwa kujizuia na akateseka moyoni. Anayefika dakika 4 na kudhani ameharibika hana ugonjwa huo. Lakini aliyekuwa sawa kwa miaka, kisha akaanza kumaliza ghafla, aende kliniki apimwe tezi ya shingo na tezi dume, na aulizwe kama uume bado unasimama vizuri, kwa sababu wengi huharakisha kwa hofu ya kulegea. Hapo kinachotibiwa kwanza ni kile kilicholeta hofu.