Ngano ya Roma na Posho ya Kalobeyei

Gaius Sergius Alcimus aliishi miaka 3, miezi 3 na siku 3 katika Roma ya kale. Wazazi wake walipomchongea jiwe la kaburi, waliona inafaa liseme kwamba mtoto huyo alikuwa akipokea ngano ya serikali, siku ya 10 ya mwezi, mlango wa 39. Mama mkimbizi wa Kalobeyei, nchini Kenya, aliyewahi kupanga foleni akiwa na kichanga mgongoni ili kiandikwe kwenye karatasi ya mgao ya familia anaielewa fahari hiyo bila kufafanuliwa.

Mgao wa Roma ulizaliwa na sheria. Mwaka 123 KK, mwanasiasa Gaius Gracchus aliwapa raia wa mji haki ya kununua ngano kila mwezi kwa bei nafuu. Mwaka 58 KK mwanasiasa mwingine, Publius Clodius, akaifuta hata bei hiyo, ngano ikawa bure. Kipimo kilikuwa kama kilo 33 kwa mwezi, na nafaka ilivuka bahari kutoka Sicily, Afrika Kaskazini na baadaye Misri. Ilipoadimika, ufalme ulitikisika. Mwaka 51 BK umati wenye njaa ulimzingira Kaisari Claudius sokoni ukimtupia makombo ya mkate, naye akaponea mlango wa nyuma wa ikulu.

Wapo wanaodai kwamba mgao ule uliwafanya Warumi wavivu. Sikubaliani nao hata kidogo. Kilo 33 zinamshibisha mtu mmoja na kubakiza kidogo. Hazilishi mke na watoto, hazilipi kodi ya chumba, hazinunui kuni wala mafuta ya kuwashia taa. Wapokeaji walibeba mizigo, walijenga, walichuuza. Dai hilohilo hurushiwa wakimbizi wa Kalobeyei, na huku pia halina mashiko.

Makazi ya Kalobeyei yalifunguliwa mwaka 2016, kilomita chache kutoka kambi ya Kakuma iliyoanza 1992, kwenye ardhi ya hekta zipatazo 1,500 iliyotolewa na wenyeji, Waturkana. Nia ilikuwa mkimbizi na mwenyeji watumie shule, zahanati na soko moja, na mkimbizi ajitegemee. Badala ya gunia la mahindi, familia zilipata Bamba Chakula, pesa ya chakula iliyoingia kwa simu. Miaka ya mwanzo ilikuwa shilingi 1,400 kwa kila mtu kwa mwezi. Baadaye ikaja Bamba Chapaa, fedha taslimu kupitia benki.

Anayetaka kujua pesa hiyo inavyofanya kazi aanzie dukani. Unga, maharagwe na mafuta ya kupikia huchukuliwa kwa mkopo kabla mwezi haujafika nusu, jina likaingia kwenye daftari la madeni, na wakati mwingine kadi ya benki ya mteja hubaki kwa mwenye duka kama rehani. Mgao ukipunguzwa, deni halilipiki, na mwenye duka naye anashindwa kuleta mzigo mwingine. Hasara inafika hadi kwa mama wa Kiturkana aliyetembea tangu alfajiri na kuni kichwani, akakuta wateja wake hawana kitu.

Siasa yote ya mgao imo kwenye orodha. Roma iliwaacha nje wanawake, watumwa na wageni. Njaa ilipobana mwaka 6 BK, Kaisari Augustus aliwatimua wageni mjini, isipokuwa waganga na walimu. Katika karne ya 4, mwanahistoria Ammianus Marcellinus aliandika kwa uchungu jinsi wageni walivyotimuliwa tena, wasomi wakiwamo, huku wacheza ngoma 3,000 wakiachwa wabaki. Kalobeyei imeipindua orodha hiyo: mgeni yumo, mwenyeji hayumo. Mfugaji aliyepoteza mbuzi wake kwa ukame ana haki ya kuuliza kwa nini, na serikali zetu mbili, ya Turkana na ya Nairobi, ndizo zinazopaswa kumjibu. Mkimbizi hakuitunga orodha.

Wanaosifu kupunguza majina kwenye orodha ya mgao hupenda kumtaja Julius Caesar. Mwaka 46 KK alihesabu watu mtaa kwa mtaa, kwa msaada wa wenye nyumba za kupanga, akashusha wapokeaji kutoka 320,000 hadi 150,000. Wanachosahau ni kwamba Caesar huyohuyo alipeleka raia 80,000 kwenye makoloni ya ng'ambo, wakaanze maisha upya.

Agosti 2025, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapanga wakazi wa Kakuma na Kalobeyei katika makundi manne kwa kadiri ya uhitaji. Kundi la nne halikupangiwa chochote, kwa maelezo kwamba linajimudu. Fedha za wafadhili zimepungua, hilo halibishaniwi. Lakini kujimudu kunataka nafasi ya kujimudu. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na Mpango wa Shirika, mpango wa serikali kwa wakimbizi uliozinduliwa Machi 2025, unaahidi makubwa zaidi, ila fundi cherehani wa Kalobeyei bado anahitaji ruhusa ya maandishi ili akatafute wateja Eldoret. Naiomba serikali ianze na hapo: itoe vibali vya kazi na uhuru wa kusafiri kwanza, iwaingize wenyeji maskini kwenye hesabu, kisha ndipo jina la mtu lifutwe.