Kamera za Kutega na Makundi ya Madume katika Nchi ya Mtera

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Iringa, afikapo Mtera, huona mbele yake bwawa kubwa lililo mpakani mwa mikoa hiyo miwili. Maji yake hutoka katika mto Ruaha Mkuu na mto Kisigo. Bwawa lenyewe lilijengwa katika miaka ya 1970, na mitambo yake ya umeme ya megawati 80 ikaanza kazi mwaka 1988. Pande zote ni nchi kavu ya mibuyu na migunga, yenye mvua chache na kiangazi kirefu. Mtu akiufuata Ruaha Mkuu kuelekea unakotoka, hufika katika tarafa ya Pawaga, ambayo pamoja na tarafa jirani ya Idodi yapakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Nchi hiyo yajulikana kwa wanyama wenye pembe: tandala mkubwa na tandala mdogo, palahala, korongo, pofu, kuro na swala pala. Kusudi la insha hii ni kueleza jinsi watu walivyowaona wanyama hao zamani na jinsi wanavyowaona sasa, hasa yale makundi ya madume matupu, na kuuliza ni nani aliyepata faida kwa kuona huko.

Yafaa kwanza ijulikane kwa nini madume hukusanyika peke yao. Majike ya tandala mkubwa huishi na ndama wao katika vikundi vidogo. Dume akipevuka huwaacha mama zake, akafuatana na madume wenzake, wala harudi kwa majike ila wakati wa kupandana. Desturi ya swala pala ni kali zaidi. Dume mmoja mwenye nguvu hushika eneo lake na kulilinda kwa kelele na kwa pembe. Madume wengine wote, wakubwa kwa wadogo, hufukuzwa, wakawa kundi moja pembeni. Kundi hilo lina faida yake, maana macho mengi humwona chui upesi kuliko macho mawili. Hata hivyo maisha ya dume si marefu. Norman Owen-Smith, aliyewachunguza tandala kwa miaka mingi katika hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, alionyesha ya kwamba madume hufa mapema kuliko majike. Basi kundi kubwa la madume ni kundi la wanaongojea zamu, na wengi wao hufa kabla zamu haijafika.

Watu wa nyanda za kati waliwatazama wanyama hawa tangu zama za kale mno. Ushahidi wake uko Kondoa, kaskazini mwa mji wa Dodoma, katika michoro ya miambani iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mary Leakey, aliyeinakili mingi ya michoro hiyo mwaka 1951, alikuta humo pofu, twiga, tandala na watu wembamba wenye pinde. Mchoraji aliyeweza kuonyesha mwinamo wa shingo ya mnyama kwa mstari mmoja wa rangi nyekundu hakumwona mnyama huyo mara moja tu. Alimtazama siku nyingi, naye mnyama asijue kwamba anatazamwa. Mwindaji wa baadaye, awe Msandawe, Mgogo au Mhehe, alikuwa na elimu ya namna iyo hiyo. Alisoma nyayo na mavi na matawi yaliyovunjika, akajua ni wanyama wangapi waliopita na kwa saa gani. Illakini elimu hiyo ilikuwa na mwisho mmoja: kumwona mnyama kulikuwa ni mlango wa kumwua. Wala hapana lawama katika jambo hilo, maana nyama ilikuwa chakula cha watoto, na ngozi ilikuwa vazi.

Katika miaka ya 1890 nchi ilipatwa na msiba wa sotoka. Ng'ombe walikufa kwa wingi, na pamoja nao nyati, pofu na tandala, kwa kuwa maradhi hayo hayabagui mnyama wa zizini na wa porini. Katika muongo uo huo utawala wa Kijerumani ulileta sheria. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kwamba uwindaji uwe kwa leseni, na kwamba yawepo maeneo ambayo mtu hatawinda. Mwaka 1910 sehemu ya nchi ya Ruaha ilitangazwa kuwa Pori la Akiba la Saba. Waingereza wakaliita Rungwa mwaka 1946. Mwaka 1949 George Rushby, ofisa wa wanyamapori, alishauri ya kwamba upande wa kusini wa pori hilo ufanywe hifadhi ya taifa. Shauri lake lilitimia mwaka 1964, nchi ikiwa imekwisha kujitawala, na mwaka 1974 kipande cha ardhi kilichoko kusini-mashariki mwa mto kikaongezwa. Sehemu ya Usangu ilipounganishwa nayo mwaka 2008, eneo la hifadhi hii lilizidi kilometa za mraba 20,000.

Sheria hizo ziliwaokoa wanyama wengi. Ni haki kusema hivyo. Lakini zilikigawa kitendo kimoja katika majina mawili. Mgeni mwenye leseni na bunduki aliyevizia tandala kwa ajili ya pembe zake aliitwa mwindaji. Mwenyeji aliyemvizia tandala yule yule kwa ajili ya nyama aliitwa jangili. Madume ndio walioandamwa zaidi na yule mgeni, maana majike ya tandala hayana pembe, na pembe za dume aliyekomaa, zikipimwa kwa kuufuata msokoto wake, hupita mita moja. Hivyo mwenyeji, aliyekuwa hodari wa kuona, akazoea kunyamaza juu ya alichokiona.

Ni ajabu basi kwamba chombo kilicholeta mabadiliko kilizaliwa katika uwindaji wenyewe. Huko Marekani, mwanasheria George Shiras aliwinda ayala usiku kwa desturi aliyoipata kwa Wahindi Wekundu wa kabila la Ojibwa: moto huwekwa mbele ya mtumbwi, mnyama aliye ukingoni mwa ziwa akaukodolea macho, na mwindaji akalenga kati ya macho yale yang'aayo. Baadaye Shiras aliiacha bunduki, akatia kamera mahali pake. Kisha akabuni njia ya kumfanya mnyama ajipige picha mwenyewe: uzi ulitandazwa njiani, mnyama akaukanyaga au kuuvuta, baruti ikawaka, na kamera ikafunguka. Mwezi wa Julai 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74, na watu wengi kwa mara ya kwanza wakamwona mnyama wa usiku alivyo.

Jambo hilo halikukawia kufika Afrika Mashariki. Mjerumani Carl Georg Schillings alisafiri katika nyika za Wamasai na kandokando ya Kilimanjaro mwanzoni mwa karne ya ishirini, akiwa na wapagazi wengi waliobeba vioo vya picha na unga wa kuwasha mwanga. Kitabu chake, ambacho jina lake kwa Kijerumani lina maana ya "Kwa Mwanga wa Ghafula na kwa Bunduki", kilitoka Leipzig mwaka 1905. Jina hilo laeleza hali yake kamili, kwa sababu Schillings alipiga picha na kuua pia, akawaonya wasomaji wake ya kwamba wanyama wa Afrika wako katika hatari ya kwisha. Mkono mmoja ulishika jambo jipya, na mkono wa pili haujaliacha la kale.

Kamera ya siku hizi haihitaji uzi wala baruti. Ni kisanduku kidogo kifungwacho katika shina la mti, karibu na usawa wa goti la mtu. Ndani yake mna kihisio kitambuacho joto la mwili unaopita. Mnyama akikatiza mbele yake, picha hupigwa katika muda mfupi kuliko wa kufumba jicho, na saa na tarehe huandikwa juu yake. Usiku hutumia mwanga ambao wanyama wengi hawaushughulikii. Chombo hiki kimeleta habari kubwa katika Tanzania. Mwaka 2005, katika msitu wa Ndundulu wa milima ya Udzungwa, kusini-mashariki ya Mtera, kamera za Francesco Rovero zilipiga picha ya mnyama mdogo mwenye pua ndefu ambaye wanasayansi hawakuwa wakimjua. Mwaka 2008 alitangazwa rasmi kuwa aina mpya ya sengi. Katika Serengeti, kuanzia mwaka 2010, kamera 225 zilitandazwa juu ya kilometa za mraba 1,125, na maelfu ya watu wa nchi mbalimbali wakasaidia kuzitambua picha zake kwa njia ya intaneti.

Lakini jambo lililo karibu zaidi na nia ya insha hii lilitendeka katika vijiji vya Idodi na Pawaga. Huko wananchi walikuwa tayari na jumuiya yao ya hifadhi, MBOMIPA, jina ambalo ni kifupisho cha Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Mwaka 2009 Amy Dickman alianzisha mradi wa kuwachunguza wanyama walao nyama katika nchi ya Ruaha, mahali ambapo simba walikuwa wakiuawa kwa kuwa waliua ng'ombe. Katika muongo uliofuata mradi huo uliwapa wanavijiji kamera za kuweka katika ardhi yao wenyewe. Kila picha ya mnyama wa porini hupewa alama. Simba na mbwa mwitu hupata alama nyingi, na swala wa kawaida alama chache. Alama hujumlishwa, na kijiji kilichopata nyingi hupewa sehemu kubwa zaidi ya misaada ya shule, zahanati na dawa za mifugo.

Maana ya utaratibu huu ni kubwa kuliko unavyoonekana. Katika historia yote iliyotangulia kuelezwa, mnyama aliyeonwa hakuwa na thamani mpaka auawe, ama kwa nyama, ama kwa pembe. Hapa swala akipita usiku mbele ya mti wa kijiji, akaenda zake mzima, amekwisha kuacha kitu nyuma yake. Madume kumi wakipita pamoja ni habari njema, na kesho wakirudi ni habari njema tena. Mwenyeji aliyefundishwa na sheria kunyamaza juu ya alichokiona sasa ana sababu ya kusema.

Haifai, hata hivyo, kuisifu kamera kupita kiasi. Kwanza, hesabu ya picha si hesabu ya wanyama. Kundi moja la madume likinywa maji mahali pamoja kwa siku tano laweza kutoa picha mamia, na asiyejua akadhani kwamba nchi imejaa tandala. Mchunguzi mwangalifu hutazama michirizi myeupe ya ubavuni, maana haifanani kwa tandala wawili. Na kwa kuwa ubavu wa kulia haulingani na wa kushoto, hulazimika kuweka kamera mbili zikielekeana. Swala pala hana michirizi hiyo, na kwake kazi ni ngumu zaidi.

Pili, kundi kubwa laweza kuwa dalili ya shida. Tangu mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu, ambao zamani haukukauka, umekuwa ukikatika ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, na sababu kubwa iliyotajwa ni maji kuchukuliwa kwa kilimo cha umwagiliaji katika bonde la Usangu. Maji yakibaki katika madimbwi machache, wanyama waliotawanyika hulazimika kukusanyika hapo. Picha ya wingi wao huwa basi ni picha ya uchache wa maji. Mto huo ndio ulishao bwawa la Mtera, na kwa hiyo swala aliye dimbwini na taa iliyo mezani kwa mwanafunzi wa mjini wategemea maji mamoja.

Tatu, kamera haichagui apitaye. Mwanamke aliyekwenda kuokota kuni na mchungaji aliyefuata ng'ombe wake hupigwa picha sawasawa na tandala. Ikiwa picha hizo zitatumiwa kumshtaki mtu kwa kupita katika njia ya babu zake, kijiji hakitaiona kamera kuwa chake tena. Ndiyo sababu haitoshi kuuliza kamera imeona nini. Yapasa pia kuulizwa ni nani aliyeifunga mtini, ni nani anayezitazama picha, na faida yake yakaa wapi.

Mchoraji wa Kondoa alikuwa na jibu jepesi kwa maswali hayo: aliona yeye, na mwamba ulikuwa wa watu wake. Schillings naye alikuwa na jibu lake: aliona yeye, na picha zilikwenda Ujerumani. Katika vijiji vya Pawaga na Idodi jibu la tatu limeanza kutolewa, nalo bado ni changa. Likikua, huenda mtoto wa huko akajifunza kuhesabu kwa madume waliopita usiku karibu na kijiji chake, wala asihitaji kumwangusha hata mmoja ili ajue kwamba ni mali yake.