Mnana Aliyeficha Kiota Chake Miaka Mia

Sisi tuliokulia Ekerenyo hatukufundishwa kuwatazama ndege, tulifundishwa kuwafukuza. Mtoto aliyepelekwa kulinda wimbi alipewa kopo la kupiga na mawe ya kutupa, na kila enyoni, kama tuitavyo ndege kwa Kigusii, alikuwa mwizi tu mpaka jua lizame. Nasema haya ili msomaji asidhani kwamba nilizaliwa na darubini mkononi. Nilikuwa mwalimu mwenye mvi chache tayari nilipokwenda pwani kwa mapumziko ya siku nne, na huko Watamu jirani mmoja wa nyumba ya wageni akanishawishi niamke alfajiri kwenda kuutazama msitu.

Msitu wenyewe ni Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 420 hivi. Kiongozi wetu alikuwa Mgiriama mwenye umri wa makamo, mtu wa maneno machache. Alitusimamisha chini ya mirihi, akanyosha kidole. Juu kabisa palipita kundi la ndege wadogo, mgongo mweusi, kifua cha manjano, wakipekua majani upesi upesi kana kwamba wamechelewa mahali. Shingo iliniuma, nikasema kwamba minana tunayo tele hata kwetu.

"Huyo, mwalimu, hamnaye," akasema. "Hata sisi tulikuwa naye na hatukuwa naye."

Maneno hayo nilihitaji kuelezwa, nami nayaeleza hapa kwa sababu ni kipande cha historia yetu ambacho hakimo katika vitabu vingi vya shule.

Mwaka 1913 Mwingereza Stephenson Clarke alimwandika ndege huyu katika elimu ya viumbe, naye tangu hapo huitwa mnana wa Clarke. Ulimwengu mzima hana makao ila katika nchi ya Kilifi. Ndege wa eneo dogo hivyo ungemdhania kuwa mwepesi kujulikana. Lakini kila mwaka, majira ya mvua yakikaribia, alitoweka Sokoke, na baada ya miezi kadhaa akarudi na watoto wake. Alikotagia hapakujulikana. Watu walitafuta kiota chake mitini, maana mnana ni fundi wa kususi na kazi yake huning'inia waziwazi hata mtoto akaiona. Hawakukiona.

Tazama ajabu ya jambo hili. Zamani watu wa Ulaya waliamini kwamba mbayuwayu hujizamisha katika matope ya maziwa wakati wa baridi. Kisha ikabuniwa pete ndogo ya kuvishwa ndege mguuni. Mbayuwayu mmoja aliyevishwa pete Staffordshire, Uingereza, mwaka 1911, alipatikana Natal, Afrika ya Kusini, mwezi wa Desemba 1912. Basi safari ya kuvuka bara zima ilithibitishwa kabla mnana wetu hajapewa hata jina. Ilhali safari yake yeye, isiyotoka nje ya jimbo moja, ilibaki fumbo kwa miaka mia kamili.

Fumbo lilifunguliwa mwaka 2013. Kaskazini ya mto Sabaki, nyuma ya Malindi, upo msitu wa Dakatcha. Wenyeji wa chama cha kuuhifadhi msitu huo, pamoja na wataalamu wa ndege, akiwamo Fleur Ng'weno, yule aliyeanzisha matembezi ya kutazama ndege Nairobi mwaka 1971, walivikuta viota. Havikuwa juu ya mirihi hata kidogo. Vilikuwa chini, katika majani ya jamii ya ndago, ndani ya kinamasi cha msimu kijaacho maji ya mvua na kukauka.

Nilimwuliza kiongozi wetu kama wazee wa huko hawakuvijua siku zote. Alifikiri kidogo, akanijibu kwamba mchunga mbuzi aonaye viota mia moja kinamasini hana sababu ya kudhani kwamba vinatafutwa Nairobi na London. Jibu hilo lilinigusa kuliko ndege mwenyewe. Ikumbukwe pia kwamba miaka michache kabla ya ugunduzi huo ulikuwapo mpango wa kufyeka sehemu kubwa ya Dakatcha ili kupanda mbono wa mafuta. Haukutimia. Lakini mashoka ya wachoma makaa na mashamba ya mananasi yameendelea kuumega msitu, na kinamasi si kitu ambacho mnunuzi wa ardhi hukihesabia thamani.

Nilirudi Ekerenyo na darubini ya kuazima. Chini ya kilima chetu lipo bonde lenye kijito, na zamani lilikuwa kinamasi kitupu. Sehemu moja sasa ina mikaratusi inyweshayo maji yote, na sehemu nyingine ina mashimo ya udongo wa matofali. Sitawalaumu wachimbaji, karo ya watoto wengi wa darasa langu imetoka katika matofali hayo.

Katika bonde hilo hushuka korongo wenye taji, hao hao ambao Uganda iliwatia katika bendera yake mwaka 1962. Hulala mitini, jambo wasiloliweza jamaa zao wa Ulaya na Asia, lakini kutaga hutaga chini, kinamasini. Tangu mwaka 2012 wamehesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kuangamia. Nilimwendea magokoro mmoja, jirani yetu, nikamwuliza walikuwa wakitaga wapi alipokuwa msichana. Hakusita. Alinishika mkono, tukashuka polepole mpaka ukingo wa shimo, akanionyesha mahali kwa fimbo yake: pale, na pale, na pale penye tanuri. Hakuna aliyepata kumwuliza kabla yangu.

Niliandika yote katika daftari, pamoja na tarehe. Wanafunzi wangu wanne sasa huandika ya kwao. Msimu uliopita tuliona jozi moja ya korongo karibu na kijito, upande ambao haujachimbwa, na asubuhi mmoja wao alikuwa akibeba majani.