Mkono wa Kushoto wa Clarence Dally

Swali lililoniangusha mara ya kwanza lilikuwa dogo tu. Tyubu ya eksirei iko sentimita 100 kutoka mahali unapopima mionzi. Ukiisogeza hadi sentimita 200, inabaki mionzi kiasi gani? Mwanafunzi wa kidato cha nne anajua ni robo. Mimi, na miaka yangu sita ya kupiga eksirei katika hospitali ya kaunti, nilibofya nusu. Jibu sahihi lilinijia nikiwa kwenye ngazi, nikishuka kwenda kutafuta matatu.

Mtihani wenyewe ni wa leseni ya Dubai. Unafanyiwa Nairobi, kwenye kompyuta, baada ya vyeti vyako kutumwa kukaguliwa hadi chuo kithibitishe kwamba ulisoma kweli na mwajiri athibitishe kwamba ulifanya kazi kweli. Kwenye karatasi hizo mimi ni mtaalamu aliyesomea ng'ambo. Hili hunichekesha kila nikiliona. Nimesomea Nairobi, naishi Githurai, mtihani nafanyia mjini, lakini ng'ambo ni pale aliyeshika muhuri anaposema ni ng'ambo. Ada haikuwa ya kuchekesha. Dadangu alikopa kwenye chama chake, na pesa za chama, kama unavyojua, hulipwa kabla ya kodi ya nyumba. Ada ya mara ya pili alikopa tena. Hakuniuliza kitu. Afadhali angeuliza.

Basi nikaanza kusoma upya, usiku nikitoka zamu. Mwanzoni nilikariri maswali ya zamani kama mtu anayekariri namba za simu, na kichwa kikakataa. Nikaacha kukariri, nikaanza kuuliza kila jibu limetoka wapi. Kwa mfano, kwa nini kikomo cha mfanyakazi wa mionzi ni milisiveti 20 kwa mwaka, wastani wa miaka mitano, na isizidi 50 katika mwaka wowote? Nani alikaa chini akaamua 20?

Jibu linaanza na mikono.

Wilhelm Röntgen aligundua eksirei tarehe 8 Novemba 1895 mjini Würzburg, Ujerumani, na kabla ya Krismasi alikuwa ameshapiga picha ya mkono wa mkewe, pete ikionekana juu ya mfupa. Kufikia 1896 mashine zilikuwa kila mahali. Hakukuwa na leseni, wala mtihani, wala fomu. Ukiwa na tyubu ya glasi, koili na umeme, umeshakuwa mtaalamu. Na ili kujua kama tyubu inafanya kazi vizuri, ulikuwa unaweka mkono wako mwenyewe mbele yake na kutazama mifupa kwenye skrini. Kila asubuhi, mkono uleule.

Clarence Dally alikuwa fundi wa glasi katika maabara ya Thomas Edison huko New Jersey. Alikuwa akijaribu tyubu kwa mkono wa kushoto. Ulipoungua na kujaa vidonda, akahamia wa kulia. Nilisoma sentensi hiyo ndani ya matatu, Thika Road imesimama kabisa, nikajikuta natazama mikono yangu. Walimkata kidogo kidogo, na 1904 akafa, akiwa na miaka 39. Edison aliogopa, akaachana na eksirei.

Elizabeth Fleischman wa San Francisco ndiye aliyenigusa zaidi. Hakumaliza shule ya upili. Hakuwa na cheti chochote ambacho mkaguzi wa Dubai angekikubali. Alifungua maabara yake mwaka wa 1897, na wanajeshi wa Marekani waliporudi kutoka vitani Ufilipino, yeye ndiye aliyeonyesha madaktari risasi zilikwama wapi mwilini. Alisifiwa na majeshi. Mwaka wa 1905 walimkata mkono, na miezi michache baadaye akafariki. Na Mihran Kassabian, Mwarmenia aliyehamia Philadelphia (naye wa ng'ambo, kama mimi), alikuwa akiipiga picha mikono yake jinsi inavyoharibika, ili wengine wajifunze. Alifariki 1910.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha mionzi kilikuwa ngozi ya mtu: dozi ni ile inayofanya ngozi iwe nyekundu. Mwaka wa 1925, Arthur Mutscheller alipendekeza kwamba mfanyakazi asipate zaidi ya sehemu moja ya mia ya dozi hiyo kwa mwezi. Miaka mitatu baadaye, huko Stockholm, ikaundwa kamati ya kimataifa ya kushughulikia kinga, na tangu hapo kikomo kimekuwa kikishuka, hadi hiyo 20 iliyopendekezwa mwaka wa 1990. Sasa naikumbuka bila kukariri.

Kuna kisa kingine hakimo kwenye mtihani, lakini nakipenda. Mwaka wa 1898 daktari wa jeshi la Uingereza, John Battersby, alibeba mashine ya eksirei hadi Sudan, kando ya Nile. Umeme aliupata kwa baiskeli ya watu wawili: askari wanakanyaga, dainamo inazunguka, betri inajaa. Joto lilikuwa kali mno, ikabidi vifaa vifunikwe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji. Siwezi kumcheka. Mimi nimesubiri jenereta iwashwe huku mgonjwa wa ajali ya boda boda amelala mezani, nikaambiwa dizeli iliyobaki ni ya chumba cha upasuaji. Baiskeli ingetufaa.

Sasa kuhusu mtihani wenyewe. Marekani walianza kusajili wapiga eksirei mwaka wa 1922, na cheti cha kwanza kilienda kwa mtawa, Sista Mary Beatrice Merrigan. Uingereza walikuwa wameunda jumuiya yao mwaka wa 1920. Lakini katikati ya miaka ya 1920 madaktari wa Uingereza waliibana jumuiya hiyo hadi ikakubali: nyinyi pigeni picha, kusoma picha ni kazi yetu. Sisi Kenya tukairithi desturi hiyo pamoja na koti jeupe. Lakini saa tisa usiku, mtaalamu wa kusoma picha yuko kilomita 80 mbali, kliniko anakuja na filamu mkononi, anainua kwenye taa, kisha ananigeukia: "Boss, wewe unaona nini hapa?" Namwambia nyonga imevunjika, tena angalia na hapa. Anaandika kwenye faili. Jina langu halimo.

Sisemi kila mtu asome picha. Nimeona makosa yangu mwenyewe. Nasema tu kwamba mtihani hupima kile ambacho mwenye mtihani ameamua kwamba ni kazi yako, na hiyo nyingine unaifanya gizani.

Mjini Hamburg kuna mnara uliozinduliwa mwaka wa 1936, wenye majina 169 ya watu waliokufa kwa sababu ya kazi ya mionzi. Majina mengine yaliongezwa baadaye. Niliipata picha yake nikiwa zamu, nikaenda kuitazama aproni yetu ya risasi iliyotundikwa kwenye msumari. Imekunjwa miaka mingi, na ukiipiga eksirei utaona nyufa. Niliwahi kuipiga na kupeleka picha kwa mkubwa. Akasema bajeti ijayo. Beji yangu ya kupimia mionzi ilitumwa kusomwa mwezi wa pili na bado nasubiri majibu. Watu wakiniuliza kwa nini nataka kwenda Dubai, huwa nasema mshahara, kwa sababu hilo wanalielewa haraka.

Mtihani ni Alhamisi. Dadangu anakata sukuma wiki huku karatasi yangu ya maswali imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta. Fizikia aliiacha kidato cha pili, lakini siku hizi anasema anodi na kathodi kama mwalimu.

"Sehemu nene ya mwili unaiweka upande gani?"

"Kathodi. Huko mionzi ni mingi."

"Aya. Ukisogeza tyubu iwe mbali mara mbili?"

"Robo."

Akaniangalia kidogo, kisu kimesimama hewani, kisha akasoma swali linalofuata.