Mkalimani, Siri na Tiba: Afya ya Akili ya Wanawake Wakimbizi Kakuma

Tangu mwaka 1992, kambi ya Kakuma ilipofunguliwa kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, Kaunti ya Turkana nchini Kenya imekuwa makao ya watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Ethiopia, Burundi na kwingineko, ambao leo, wakihesabiwa pamoja na wakazi wa makazi jirani ya Kalobeyei, wamezidi 200,000, wengi wao wanawake na watoto. Miongoni mwa wanaohudumia afya ya akili ya wanawake hao hakuna anayepinga kwamba huduma sharti izingatie utamaduni, na mwongozo wa mwaka 2007 uliotolewa kwa pamoja na mashirika ya kibinadamu unasisitiza jambo hilo. Kanuni ni rahisi kuikubali. Kilicho kigumu ni kuamua utamaduni huo ni wa nani na nani ana haki ya kuusemea. Kakuma, uamuzi huo hufanywa kila siku katika chumba cha ushauri nasaha, na mara nyingi anayeufanya ni mkalimani.

Mwanamke anayefika kliniki ni nadra kusema kwamba ana sonona, yaani huzuni nzito inayodumu na kumwondolea mtu uwezo wa kuishi kama kawaida. Husema kwamba kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, mawazo ni mengi na usingizi umepotea. Arthur Kleinman, daktari wa akili na mwanaanthropolojia wa Marekani, alionya tangu mwaka 1977 kwamba kuchukua majina ya magonjwa yaliyoundwa katika jamii moja na kuyapachika katika nyingine bila kuuliza kama yana maana huko ni kosa la kimsingi. Onyo hilo lingali na uzito, lakini linamchukulia daktari na mgonjwa kana kwamba wanazungumza ana kwa ana. Kakuma kuna mtu wa tatu kati yao. Mama hueleza kwa dakika kadhaa, akitaja kijiji, mume aliyepotea, mtoto aliyezikwa njiani, naye mkalimani hugeuka na kumwambia mshauri, "Anasema hasikii vizuri." Kilichoachwa nje ya sentensi hiyo ndicho ugonjwa wenyewe, na mgonjwa hurudi nyumbani na vidonge vya maumivu ya kichwa.

Mkalimani hafupishi kwa uvivu. Huenda ni kijana wa ukoo uleule anayeona haya kutamka jambo la kitandani mbele ya mwanamke wa umri wa mama yake, au ni jirani wa mtaa mmoja ambaye kesho watakutana bombani. Hapo ndipo hoja ya utamaduni inapogeuka kuwa hatari, kwa sababu mtu anayeifahamu vyema mila ya mgonjwa ndiye pia aliye karibu zaidi na wale wenye nguvu katika mila hiyo. Utaratibu wa maslaha, yaani upatanishi wa wazee, miongoni mwa Wasomali, pamoja na mabaraza ya kimila ya jamii za Sudan Kusini kambini, umewahi kutumika kumaliza kesi za ubakaji kwa fidia inayopokewa na familia, ingawa Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006 inaliweka kosa hilo mikononi mwa mahakama. Huduma inayokwenda kwa wazee kuuliza utamaduni unasemaje kuhusu mwanamke aliyebakwa itapewa jibu la wazee. Wanawake wenyewe wana utamaduni wao wa kuombolezana, kusukana nywele, kuketi pamoja wakati wa kahawa na kusali pamoja, na humo ndimo huduma inapaswa kutafuta mlango.

Kwamba mlango huo upo, jirani wa Kenya amekwisha kuonyesha. Katika makazi ya Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwahusisha wanawake 694 kutoka Sudan Kusini katika vijiji 14. Baadhi yao walikutana kwa makundi mara tano kusikiliza mafunzo ya kukabili msongo, yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba na kuongozwa na wasaidizi wasio wataalamu wa tiba ya akili. Miezi mitatu baadaye, dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo. Mbali na matokeo, jambo la kuzingatia ni umbo la huduma: lugha ilikuwa ya wanawake wenyewe tangu mwanzo, na hakuna aliyelazimishwa kutoa siri yake mbele ya kundi ili apate nafuu.

Mafunzo ya namna hiyo hayajazi sufuria. Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua, mgawo wa chakula Kakuma ulikatwa na watu wakaandamana. Mwanamke anayekesha akiwaza watoto watakula nini ana sababu ya kukesha, na kumpa jina la ugonjwa peke yake ni kumwonea. Vivyo hivyo mwanamke wa Kiturkana anayeishi nje ya kambi, aliyepoteza mifugo kwa ukame wa 2020 hadi 2023 na anayewauzia wakimbizi kuni na makaa, ana uchungu wake na humwendea emuron, yaani mganga mwenye maono, kabla ya kufikiria hospitali ya rufaa ya Lodwar, iliyo umbali wa takriban kilomita 120. Huduma inayomruka huyo kwa kuwa si mkimbizi hupanda chuki pale pale inapotaka kuponya.

Basi kazi ya ukalimani iwe taaluma. Kwa miaka mingi wakimbizi wanaotafsiri, kushauri na kutembelea nyumba kambini wamelipwa posho iliyo chini ya mshahara wa Mkenya afanyaye kazi hiyohiyo, ilhali wao ndio wanaosikia kila simulizi la mateso mara ya kwanza, kwa lugha ambayo haijapunguzwa makali, na wengi wameyapitia mateso hayohayo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 imefungua njia ya ajira, na mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unakusudia kuunganisha huduma za wakimbizi na za wenyeji. Lodwar ina chuo cha mafunzo ya udaktari na Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, ambavyo vinaweza kuwafunza wanawake wakimbizi na wa Kiturkana ukalimani wa tiba, wakala kiapo cha kutunza siri, wakasimamiwa na wataalamu wanaowasikiliza nao pia, na wakaajiriwa na kaunti sambamba na wahamasishaji wa afya ya jamii ambao serikali ilianza kuwalipa mwaka 2023. Mgonjwa naye apewe haki ya kumkataa mkalimani asiyemwamini bila kutakiwa kueleza sababu, hata kama siku hiyo itabidi arudi bila kuhudumiwa na kupangiwa siku nyingine.