Kle Ndogo Mwishoni mwa Safu

Jumamosi asubuhi, kabla umeme haujakatwa, ndipo ninapotayarisha karatasi za mazoezi za watoto wa korali. Kompyuta yangu ni kuukuu, programu ni MuseScore, na karatasi zenyewe huzitoa kwenye kibanda cha fotokopi kilicho ng'ambo ya barabara. Wiki iliyopita binti wa miaka 11 aliinua mkono, akaweka kidole pembeni kabisa, upande wa kulia wa safu ya kwanza.

"Mwalimu, hii kle ndogo iko na kazi gani huku mwisho? Wimbo si umeisha?"

Kweli ulikuwa umeisha. Zoezi la kwanza lilikuwa la kle ya sol, la pili, safu ya chini yake, la kle ya fa. (Alama hii inayozipa nota majina wenzetu wa pwani huiita ufunguo, sisi Lubumbashi tumeshazoea kle, kwa Kifaransa cha walimu wetu.) Programu ilidhani mazoezi yote mawili ni wimbo mmoja, ikatanguliza kle ya fa, ndogo, mwishoni mwa safu ya juu ili mwimbaji ajue kinachomngoja. Nilimjibu yule mtoto kwamba kompyuta imekosea, tukaendelea. Usiku nilijuta. Kompyuta ilikuwa inafuata adabu iliyo na umri mkubwa kuliko mji huu.

Mji huu ni wa mwaka 1910. Mwaka huohuo ndio walipofika Katanga wamonaki Wabenediktini wa abasia ya Saint-André, karibu na Bruges, wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne, ambaye baadaye alikuwa askofu wetu hadi alipofariki mwaka 1958. Miaka saba kabla ya safari yao, Papa Pius wa Kumi alikuwa ameagiza uimbaji wa Gregori urudishiwe heshima yake kanisani, na Wabenediktini ndio waliokuwa mafundi wa uimbaji huo. Vitabu vyao vilikuwa na mistari minne badala ya mitano, na nota zake ni za mraba kama vijitofali.

Katika vitabu hivyo kle haikai mahali pamoja. Kle ya do unaikuta mstari wa juu kabisa, ukurasa mwingine imeshuka hadi wa tatu. Wimbo ukipanda kupita mistari, mwandishi haongezi mistari, anaihamisha kle katikati ya neno la Kilatini na kuendelea. Na mwisho wa kila safu kuna kijinota chembamba kisicho na silabi chini yake. Kilatini kinakiita custos, yaani mlinzi. Haimbwi. Kazi yake ni kulionyesha jicho sauti ya kwanza ya safu inayofuata, na hata pale kle inapohama katikati ya safu, mlinzi husimama mbele yake. Kwangu mimi, huyo ndiye babu wa ile kle ndogo aliyoiulizia mwanafunzi wangu.

Mwaka 1937 mmonaki mmoja, Dom Anschaire Lamoral, alianzisha hapa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, korali ya wavulana iliyoitwa Waimbaji wa Msalaba wa Shaba. Msalaba huo ni ule uliokuwa fedha ya babu zetu kabla ya faranga, na ndio uliochorwa mara tatu kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960. Na mtunzi wetu Joseph Kiwele, aliyezaliwa mwaka 1912, ndiye aliyeipa Katanga misa yake, Missa Katanga. Ndiye pia aliyetunga wimbo wa taifa wa Katanga iliyojitenga chini ya Tshombe na kuwa waziri wa elimu katika serikali hiyo, akafariki mwaka 1961. Tukisema siasa zake tutakesha. Kwa mwalimu wa solfeji, la maana ni kwamba mtoto wa Kongo hakuwa tena anasoma tu kle zilizowekwa na wengine. Alikuwa ameshika kalamu, anaziweka mwenyewe.

Si wote waliopitia njia hiyo. Kule Kamina, padre Guido Haazen, Mfransisko, aliwaacha wavulana na walimu wao watunge kwa kuitikiana, na Missa Luba ikaimbwa mwaka 1958 bila kusubiri karatasi. Nota zake zilichapishwa baadaye. Gitaa la Mwenda Jean Bosco nalo lilirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, na ni miaka mingi baadaye ndipo mtaalamu David Rycroft alipokaa na kuhesabu vidole vyake nota kwa nota. Ukitaka kumwandika Bosco leo, weka kle ya sol yenye tarakimu 8 chini yake, kwa sababu gitaa hulia oktava moja chini ya linavyoandikwa. Wapiga karindula, ile banjo kubwa ya mitaani, wa mtaa wetu wa Katuba hawana haja na hayo yote, na wanatupita kwa mdundo.

Mama yangu alikuwa Mmetodisti. Kwao hakukuwa na kle hata moja. Waliimba kwa herufi za tonic sol-fa, d, r, m, mfumo uliosambazwa na mchungaji John Curwen kutoka Uingereza katika karne ya 19. Ubao na chaki vilitosha, hata taipureta iliziandika. Nilipomwonyesha mara ya kwanza porte, yaani safu ya mistari mitano, aliniuliza nani ameweka uzio kwenye wimbo.

Mimi nilianza kwa stensili. Unachora mistari mitano kwa rula na kalamu ya chuma, polepole, maana ukikaza mkono karatasi inachanika. Mwaka 1986 niliandika sauti ya besi ya wimbo wa Pasaka. Katikati besi walipanda juu, nikawawekea kle ya sol kwa mizani nne, kisha safu ikaisha. Safu iliyofuata nilisahau kuwarudishia kle ya fa. Nota iliyokaa mstari wa pili kutoka chini, kwa kle ya fa ni si. Kwa kle ya sol ni sol. Wazee walioujua wimbo kwa masikio waliendelea sawa. Wageni wanne, wasomaji wazuri, waliimba nilichoandika. Kanisa zima liligeuka kuwatazama wao, wakati kosa lilikuwa langu.

Kompyuta ingenizuia. Programu ya Finale ilitoka mwaka 1988, Sibelius mwaka 1993, zote mbili ghali mno kwa mwalimu wa hapa. MuseScore, iliyoanzishwa na Mjerumani Werner Schweer mwaka 2002, haiuzwi, na ndiyo iliyofika mikononi mwetu. Finale yenyewe watengenezaji wake walitangaza kuiacha Agosti 2024. Ukiidondosha kle juu ya mizani, MuseScore inaiweka kabla ya mstari wima, ndogo kuliko ile ya mwanzo wa safu. Ukiidondosha juu ya nota, inakaa mbele ya nota hiyo. Mabadiliko yakiangukia mwanzo wa safu mpya, inatanguliza onyo mwisho wa safu ya juu.

Ndani ya wimbo mmoja siliondoi onyo hilo kamwe, hata ukurasa ukibana. Kati ya zoezi na zoezi naweka alama ya kukata sehemu mwishoni mwa la kwanza. Hapo programu inaelewa kuwa jambo limekwisha: onyo linatoweka na hesabu ya mizani inaanza upya. Kuna walimu wanaoificha kle kwa mkono, moja baada ya nyingine. Siwashauri. Ukiongeza mizani mbili tu, safu zinahama na karatasi yako inavurugika.

Jumamosi hii nitamwomba radhi yule binti na kumwonyesha mlinzi katika kitabu cha zamani. Nawe msomaji, kama parokia yako, iwe katika mitaa ya hapa mjini ya Kamalondo, Kenya au Ruashi, bado ina stensili za korali kabatini, usiziache zitumike kuwashia jiko la mbabula. Zipige picha, ukurasa mzima, hadi ukingo wa kulia.